Gari Likivuta Upande



Katika vijiji vingi siku hizi kuna gari. Pengine ni pikapu ya kikundi, pengine ni ya chama cha ushirika, pengine ni ya mtu mmoja lakini kijiji kizima kinalitegemea. Mgonjwa akizidiwa usiku, ni hilo. Maziwa yakitakiwa kufika mjini kabla ya jua kuwa kali, ni hilo hilo. Kwa hiyo gari hilo likianguka bondeni, wanaoumia si wenye gari peke yao.

Leo tutajifunza ugonjwa mmoja wa magari ambao watu wengi huuona na kuuzoea. Barabara imenyooka. Dereva ameshika usukani vizuri. Lakini gari linataka kwenda kushoto, au linataka kwenda kulia. Dereva akilikaza, linarudi. Akilegeza mkono kidogo, linakwenda tena. Baada ya safari ya saa mbili mabega yanamuuma kama mtu aliyelima. Madereva wanasema, "Gari linavuta."

Sisi si mafundi wa magari, na somo hili halitakufanya uwe fundi. Lakini mtu anayejua kusoma, kupima na kuhesabu anaweza kujua mengi kabla ya kulipa hela gereji. Vifaa vya somo letu ni geji ya upepo, futi kamba, chaki, kamba ya katani na macho yako mwenyewe.

KWANZA TUULIZE

Daktari mzuri haanzi na sindano. Anaanza kwa kuuliza. Inauma wapi? Ilianza lini? Na sisi tumuulize dereva hivyo hivyo.

Linavuta wakati wote, au linavuta ukikanyaga breki tu? Lilianza pole pole, au lilianza siku ile lilipoingia kwenye shimo? Je, kabla ya hapo mlibadilisha matairi? Linavuta likiwa tupu, au likiwa na mzigo? Usukani unavuta, au unatetemeka?

Hilo la mwisho watu wengi hulichanganya. Usukani unaotetemeka gari likishika mwendo, halafu unatulia mwendo ukipungua, mara nyingi dalili yake ni gurudumu lisilo na uzito sawa pande zote. Pengine kile kirisasi kilichobanwa kwenye rimu kimedondoka, au matope yamekauka ndani ya rimu. Huo ni ugonjwa mwingine na dawa yake ni nyingine. Usikubali kulipia dawa ya kuvuta kama gari lako linatetemeka tu.

BARABARA NAYO INA MAMBO YAKE

Barabara haitengenezwi tambarare kama meza. Katikati huinuliwa, na pembeni huinamishwa ili maji ya mvua yateremke mtaroni. Barabara ya lami huinama kiasi cha sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita moja. Ile ya changarawe huinama zaidi.

Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha upande wa kushoto. Kwa hiyo gari letu liko siku zote kwenye mteremko wa kushoto, na gari zima kabisa litasogea kushoto kidogo ukilegeza usukani. Madereva wanaopeleka mizigo Rwanda, Burundi na Congo wanalijua jambo hili. Huko wanaendesha kulia, na wakivuka mpaka gari lile lile huanza kusogea kulia. Gari halikuugua mpakani. Ni mteremko umegeuka.

Basi kabla ya kusema gari linaumwa, lipelekeni mahali penye tambarare na pasipo na watu, kama kiwanja kikubwa kikavu. Liende pole pole, mwendo wa baiskeli au zaidi kidogo, dereva alegeze mikono bila kuiondoa kabisa kwenye usukani. Halafu ligeuzwe lipite pale pale kutoka upande wa pili. Likivuta kushoto lilipokwenda, na likivuta kulia lilipokuwa linarudi, basi ni ardhi au upepo wa siku hiyo. Likivuta kushoto mara zote mbili, gari lina ugonjwa. Tusifanye jaribio hili barabara kuu penye magari mengine.

UPEPO NA MATAIRI

Sasa tuanze na kitu cha bei ndogo. Tairi lenye upepo mdogo huwa zito kuviringika, na gari huvuta upande wa tairi hilo. Kila aliyewahi kupanda baiskeli yenye tairi laini anajua uzito wake. Tairi la mbele la kushoto likipungukiwa upepo, gari huvuta kushoto.

Pimeni asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi likishapata moto, upepo wa ndani hutanuka na geji hudanganya. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kisomeni. Utaona kuna kiasi cha gari tupu na kiasi cha gari lenye mzigo, na pengine matairi ya nyuma yanataka upepo zaidi ya yale ya mbele. Jambo kubwa ni kwamba la kushoto na la kulia katika ekseli moja yawe sawa. Kupiga tairi teke na kusema "liko safi" si kupima.

Halafu soma tairi lenyewe, maana ubavu wake umejaa maandishi. Tuchukue mfano wa tairi lililoandikwa 195 R 15. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 15 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Ile herufi R inasema nyuzi za ndani ya tairi zimepangwa kwa namna inayoitwa rediali. Tairi lisilo na R nyuzi zake zimepangwa namna nyingine. Aina hizi mbili zisifungwe pamoja kwenye ekseli moja, kwa sababu haziviringiki wala hazikati kona kwa namna moja.

Tafuta pia namba nne za mwisho katika mstari unaoanza na herufi DOT. Namba hizo ni tarehe ya kuzaliwa kwa tairi. Ikiwa 2319, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 yana namba nne za namna hii. Ukinunua tairi lililokwisha tumika, meno yake yanaweza kuonekana mazuri lakini mpira wake umezeeka. Muuzaji hatakwambia. Tairi litakwambia, kama umelisoma.

Tulitembelea kikundi kimoja chenye pikapu iliyokuwa ikivuta kulia. Walikuwa wameambiwa stelingi boksi imekufa, na walikwisha anza kuchangishana hela. Mama mmoja aliyehitimu kisomo akachuchumaa mbele ya gari, akaanza kusoma kwa kidole, herufi kwa herufi.

"Kijana wangu," akamwita dereva, "hili la huku limeandikwa 195. Hili la huku mbona 205?"

"Mama, ni lile tulilofunga tulipopata pancha kule mnadani."

"Tangu lini gari linavuta?"

Dereva alinyamaza, akahesabu siku. Ilikuwa ni tangu mnadani. Lile la 205 lilikuwa pia kipara upande mmoja. Walifunga tairi la akiba, ambalo lilikuwa 195, gari likanyooka. Stelingi boksi haikununuliwa.

Lakini wakati mwingine matairi yako sawa kwa namba, upepo uko sawa, na bado moja lina kasoro ya ndani isiyoonekana. Umbo lake ni kama pipa lililopanuka upande mmoja, na kitu cha namna hiyo ukikiviringisha hakiendi mbele bali kinazunguka. Kulijua tairi hilo ni rahisi. Badilishaneni matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia liende kushoto, kisha mjaribu tena kiwanjani. Kama gari lilikuwa linavuta kushoto na sasa linavuta kulia, ugonjwa uko kwenye tairi. Kama linavuta kushoto kama mwanzo, matairi hayana hatia, endeleeni kutafuta. Angalieni tu kama ubavuni pana mshale. Tairi lenye mshale limetengenezwa kuzunguka upande mmoja, kwa hiyo baada ya jaribio lirudishwe mahali pake.

MENO YA TAIRI YANASEMA

Tupitishe macho kwenye meno. Yakiisha pembeni pande zote mbili na katikati yamebaki, gari limetembea na upepo mdogo. Yakiisha katikati, upepo ulizidi. Yakiisha ubavu mmoja tu, gurudumu limekaa vibaya. Yakiisha kwa mabonde mabonde, angalia shokapu.

Sasa pitisha kiganja chako juu ya meno, kutoka ubavu wa nje kwenda wa ndani, halafu urudishe. Fanya pole pole, maana waya uliojitokeza unakata. Kama upande mmoja mkono unateleza na upande wa pili meno yanakwaruza kama msumeno, tairi hilo linaburuzwa ubavu wakati gari likienda mbele.

BREKI

Gari likivuta wakati wa kukanyaga breki tu, sababu ni breki. Hapa wengi hukosea upande. Gari huvuta kwenda upande ambao breki inashika zaidi. Likivuta kulia, pengine breki ya kulia ni nzima, na ya kushoto ndiyo iliyolala kwa sababu imeingia mafuta au pistoni yake imeganda. Fundi afungue magurudumu yote mawili ya mbele, si moja.

Kuna na breki inayoshika bila kukanyagwa. Hiyo huvuta gari kwenda upande wake wakati wote, na inakula mafuta ya gari. Baada ya kutembea kilomita kadhaa bila kukanyaga breki sana, simameni, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu moja likitoa joto kali kuliko wenzake, breki yake haiachii. Pengine ni pistoni, pengine ni ule mpira wa kupitisha mafuta ya breki umevimba kwa ndani. Hapo safari iishie gereji ya karibu. Breki ikipata moto sana mafuta yake yanaweza kuchemka, na siku yakichemka dereva atakanyaga asikute kitu. Wala msiongeze oili ya injini kwenye kikopo cha mafuta ya breki, hata kama mko porini. Oili huharibu mipira yote ya breki.

MAGURUDUMU YALIVYOKAA

Kama barabara, upepo, matairi na breki vyote ni safi, sasa ndipo tuzungumze habari ya alaimenti. Watu hulitamka neno hili haraka haraka kana kwamba ni kitu kimoja. Ni mambo matatu.

La kwanza ni vidole. Mtazame mtu akitembea. Kuna anayeelekeza vidole vya miguu ndani, na kuna anayevielekeza nje kama bata. Magurudumu ya mbele nayo hufanya hivyo. Yanatakiwa kuelekea mbele karibu sawasawa, na tofauti inayoruhusiwa ni milimita chache tu kadiri ya kitabu cha gari.

La pili ni matege. Gurudumu linaweza kuegemea nje kwa juu au kuegemea ndani. Mafundi wanaita kemba. Gurudumu la kushoto likiegemea nje kwa juu kuliko la kulia, gari huvuta kushoto.

La tatu mafundi wanaita kasta, na hili halionekani kwa macho. Lakini unalijua tayari kutoka kwenye baiskeli. Shika baiskeli kwa tandiko tu na uisukume mbele. Usukani hujinyoosha wenyewe, kwa sababu uma wa mbele haukusimama wima, umelala kidogo. Gari nalo lina mlalo kama huo, na ndio unaorudisha usukani katikati baada ya kona. Mlalo wa kushoto ukiwa mdogo kuliko wa kulia, gari huvuta kushoto. Shimo moja kali linaweza kupinda mkono unaoshika gurudumu na kuubadilisha.

Tumeona jambo la kusikitisha kidogo katika gereji za mitaani. Gari linavuta, fundi anazungusha tairodi mpaka usukani unakaa katikati, anapokea hela. Kwa kweli vidole vya magurudumu ya mbele peke yake kwa kawaida havifanyi gari livute. Magurudumu hayo mawili yameunganishwa, kwa hiyo yanagawana kosa nusu kwa nusu na gari linakwenda mbele. Linalokwisha ni tairi. Na yuko fundi mwingine anayefungua usukani na kuufunga tena umenyooka! Huyo amenyoosha picha tu.

Hata hivyo vidole mnaweza kuvipima wenyewe kijijini. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yameelekea mbele. Chora alama ya chaki katikati ya meno ya kila tairi la mbele, kwa upande wa nyuma wa tairi, urefu sawa na kitovu cha gurudumu. Watu wawili wanyooshe futi kamba chini ya gari kutoka alama hadi alama. Andikeni. Halafu lisukumeni gari mbele mpaka alama zile zile zizunguke na kufika upande wa mbele, urefu ule ule. Pimeni tena.

Tuseme nyuma mmepata sentimita 148.2 na mbele sentimita 146.8. Tofauti ni sentimita 1.4, yaani milimita 14. Mbele ni padogo, maana yake vidole vimeelekea ndani. Magurudumu ni mawili, kwa hiyo kila moja limepotoka milimita 7. Ikiwa tairi lina milimita 700 kutoka mbele hadi nyuma, basi 7 kwa 700 ni sawa na 1 kwa 100. Kila gari likienda mita 100 mbele, kila tairi la mbele linaburuzwa mita 1 ubavu. Katika kilomita moja ni mita 10. Mkienda sokoni kilomita 40 na kurudi, ni kilomita 80, yaani mita 800 za kuburuzwa. Chukua kandambili uiburuze juu ya lami mita 800, uone itabaki nini.

MAGURUDUMU YA NYUMA

Pikapu zinazobeba magunia zina ugonjwa wao. Ekseli ya nyuma imelala juu ya springi za mabamba, na inashikwa isisogee na senta bolti pamoja na zile bolti za kuzunguka springi. Mzigo ukizidi, senta bolti hukatika. Ekseli husogea nyuma upande mmoja, na gari hutembea ubavu ubavu kama mbwa anavyokimbia. Ukisimama nyuma yake kwenye njia ya vumbi utaona nyayo za nyuma hazifuati za mbele. Dereva anakunja usukani ili aende moja kwa moja.

Hapa kamba inatosha. Nyooshea magurudumu ya mbele sawasawa. Pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Kisha upande wa kulia. Kamba ikipungua au kuzidi kwa kiasi cha kuonekana, kuna kitu kimesogea, ama nyuma ama mbele. Gari hilo lisipakie mtu wala mzigo mpaka litazamwe. Senta bolti yenyewe ni kitu kidogo.

KUTIKISA GURUDUMU

Gurudumu lililolegea haliwezi kukaa penye pembe yake. Gari lisimame tambarare, breki ya mkono ivutwe, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa magogo. Inua upande mmoja wa mbele kwa jeki na uweke stendi ya chuma au gogo pana lisilopasuka. Tofali na mawe hupasuka ghafla. Na mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota nati iliyodondoka.

Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, ni beringi au boljointi. Shika kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza hivyo tu, mara nyingi ni tairodi au stelingi yenyewe. Boljointi iliyolegea sana huchomoka, na ikichomoka gurudumu hulala na usukani hauna kazi tena. Hiyo si ya kungoja mavuno.

MKIFIKA KWA FUNDI

Mwambieni mliyoyaona, mkiwa na karatasi mkononi: linavuta wapi, lini, vipimo vyenu ni vingapi. Vitu vilivyolegea vifungwe vipya kwanza, ndipo alaimenti ipimwe. Kupima kabla ni kutupa hela, maana kipimo kitapotea siku ya pili. Mjini kuna mashine za kompyuta zinazotoa karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada. Iombeni karatasi hiyo, ni haki yenu, na itunzwe kwenye jalada la gari pamoja na tarehe. Halafu dereva alijaribu gari pamoja na fundi kabla ya kulipa.

KAZI YA KIKUNDI

1. Nendeni kwenye gari lililo karibu nanyi. Someni namba za matairi yote manne na la akiba, na tarehe zake. Ziandikeni katika jedwali. Je, ya ekseli moja yanafanana?

2. Kikundi kimepima sentimita 150.1 nyuma na sentimita 149.4 mbele. Tairi lina milimita 700 kutoka mbele hadi nyuma. Kila tairi la mbele litaburuzwa mita ngapi katika safari ya kilomita 60? Anzeni kwa kugawa tofauti kwa mbili. Jibu ni mita 300.